Ukija Bagamoyo kutazama kazi za mikono

Mwezi uliopita mpwa wangu aliniletea wageni kutoka Dar, vijana sita ndani ya gari moja. Wameingia saa nne asubuhi, saa nane mchana wanawasha gari kurudi. Magofu ya Kaole wameyaona, Boma la Wajerumani wamelipiga picha, Misheni ya mapadre wamepita, ufukweni wamekanyaga maji. Walipokuja kuniaga barazani mmoja akanionyesha alichonunua: kishikio cha funguo chenye picha ya twiga. Nikamuuliza, "Mwanangu, twiga umemwona mtaa gani?" Tukacheka wote. Lakini kusema kweli iliniuma, maana pale walipoegesha gari, ukivuka njia tu, kuna bibi huketi kutwa anashona mkeka, na nyuma ya nyumba ya bibi huyo kuna karakana ambako siku ile walikuwa wanachonga kizingiti cha mlango kirefu kuniliko mimi. Wamepita katikati ya vyote hivyo wala hawakugeuza shingo.

Mimi ni mtu wa Dunda, nimezaliwa hapa. Mama yangu alikuwa msusi wa mikeka, mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu iko barazani, kwa hiyo kila mgeni anayepita namwona na ninaona anavyopita. Wengi wanakuja kutazama mawe. Mawe yapo, yatamngoja hata mjukuu wako. Bibi wa mkeka ana miaka sabini na ushee na macho yameanza kumsumbua. Kwa hiyo ungekuwa mgeni wangu ningekuanzisha kwake, na siku zako ningekupangia hivi.

Siku na saa

Tenga siku mbili na usiku mmoja. Kazi ya mkono haina saa ya maonyesho. Ukimkuta fundi ananoa patasi, basi leo ni siku ya kunoa, kuchonga ni kesho. Mtu aliyekuja na saa tatu mfukoni ataona kunoa tu, kisha aondoke akisema Bagamoyo hakuna kitu.

Njoo katikati ya wiki ukiweza. Ijumaa mafundi wengi huweka vyombo chini kabla ya adhuhuri kwenda msikitini, na wengine ndiyo wamefunga mpaka kesho yake. Mwezi wa Ramadhani kazi huanza alfajiri na kuisha mapema, na mchana usitarajie kupata sahani ya wali mjini kirahisi. Kama hufungi, nunua chakula chako mapema ule faragha. Masika, Machi hadi Mei, mimi sikushauri kabisa. Ukindu, majani ya kusukia mikeka, haukauki, ukiulazimisha unaota ukungu, na fundi boti hawezi kupiga kalafati, yaani kuziba mianya ya mbao kwa pamba, kwenye ubao uliolowa. Juni mpaka Oktoba ndiyo nzuri: jua la upole, upepo wa kusi, watu wako nje.

Chuo chetu cha sanaa, TaSUBa, kina tamasha la kila mwaka lililoanza mwaka 1982. Wiki hiyo mji hufurika, ngoma hulia mpaka usiku na vyumba hupanda bei. Anayependa ngoma aulizie tarehe mapema na aje wakati huo huo. Anayetaka kukaa na fundi wakazungumza aje wiki nyingine.

Tena kuna jambo ambalo watu wa bara hulisahau: bahari ina ratiba yake. Maji yakijaa vyombo vinaelea; yakipwa vinalala ubavu mchangani, na hapo ndipo mafundi hutambaa chini yake kufanya kazi. Saa ya kupwa inasogea mbele karibu dakika hamsini kila siku, kwa hiyo ya juzi haikufai leo. Jioni unapofika muulize yeyote ufukweni, "Kesho maji yanapwa saa ngapi?" Hata mtoto wa shule atakujibu.

Kufika

Kutoka Dar ni kama kilomita 75. Magari yapo stendi ya Makumbusho, yanapita Mwenge, Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga. Usidanganywe na hizo kilomita, kinachokula muda ni foleni ya kutoka mjini. Panda kabla ya saa moja asubuhi. Keti upande wa kushoto, kwa sababu jua la asubuhi linaingia kwa upande wa bahari na linachoma kweli kweli.

Anayetoka Tanga, Moshi au Arusha hana haja ya kwenda mpaka Dar halafu arudi. Ashuke Msata, achukue gari la Bagamoyo. Ni lami tupu kilomita 64, anavuka Ruvu na kuuingia mji kwa mgongoni.

Stendi utapokewa na vijana wa kutembeza wageni. Wamo wazuri wanaoijua historia kama sala zao. Omba kitambulisho, patana bei kabla hamjaondoka, kisha mwambie wazi: "Nataka nione vinavyotengenezwa, sitaki tuanzie dukani." Usiposema hivyo utapelekwa kwenye duka linalompa kamisheni. Simlaumu, ndiyo riziki yake, ila kamisheni ile inatoka mfukoni mwako na kwa bibi aliyesuka haifiki. Kwa umbali wa mjini miguu inatosha. Kwa Kaole chukua bajaji. Njia ya ufukweni kwenda Kaole usiipite peke yako na begi mgongoni, hata mchana. Sisi wenyewe hatupiti.

Chumba kipo cha kila mfuko, kuanzia gesti za mjini mpaka hoteli za ufukweni. Angalia chandarua kabla hujalipa. Kiinue, kitazame matundu.

Kuingia kwa fundi

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, na wakiharibu hapa hakuna kingine kitakachokwenda sawa.

Simama nje, piga hodi. Ngoja uambiwe "Karibu", hata kama mlango uko wazi na unamwona mtu ameketi ndani. Kama ni mtu mzima kuliko wewe, shikamoo, kisha "Poleni na kazi." Ukiona mkeka umetandikwa barazani vua viatu, usiukanyage nao. Halafu keti. Usiulize bei. Usitoe simu. Keti tu dakika tano, utazame mikono, uulize jambo moja kuhusu kile kilicho mikononi: "Bibi, hii rangi ya zambarau mnaipikaje?" Utaona anavyogeuka kukuelekea.

Picha iombwe. Mimi huwafundisha wageni wangu kuomba hivi: "Naomba nipige picha ya mikono yako." Mikono wengi hukubali, uso ni habari nyingine, na asiyetaka ana haki yake. Mavazi pia: mabega na magoti yafunikwe unapozunguka mitaani. Mwanamke atie khanga moja kwenye mkoba, itamfaa kwa mengi. Mwanamume asipite kifua wazi eti kwa kuwa anatoka kuogelea.

Mkeka

Mama alinifundisha kuutazama mkeka kabla hajanifundisha kuusuka, na kusuka kwenyewe nilishindwa. Ukili wangu, ule utepe unaosukwa kwanza, ulikuwa unapinda kama nyoka aliyepigwa. Alinipeleka kwenye cherehani kwa kukata tamaa. Lakini kutazama najua.

Ukindu ni majani machanga ya mkindu, yale ambayo bado hayajafunguka. Huanikwa mpaka yawe meupe, yakachanwa kuwa chane nyembamba, na chane za rangi zikachemshwa sufuriani na rangi ya unga. Kutoka hapo zinasukwa ukili, utepe mrefu wa upana wa vidole viwili vitatu, pima juu ya pima, unaviringishwa kama gurudumu na kutundikwa ukutani. Ukili ukitosha ndipo unashonwa ubavu kwa ubavu, mwisho unatiwa pindo. Anayekuta bibi anashona hudhani mkeka ni kazi ya siku mbili. Wiki za kusuka hakuziona. Zilifanyika usiku, mchele umeshachambuliwa, redio inasema peke yake.

Usichanganye mkeka na jamvi. Jamvi ni la miyaa, pana, gumu, la kukalia watu wengi msibani au harusini na la kuanikia nafaka. Nalo ni kazi ya mtu na lina heshima yake, ila ukiuita mkeka wa ukindu jamvi mbele ya aliyeusuka, utapata jibu fupi.

Unapotaka kununua, ugeuze kwanza. Upande wa chini ndiko nyuzi za kushonea ziliko, na mshonaji mvivu hujificha huko. Mshono uwe wa hatua fupi zilizolingana. Kisha unyanyue uutazame dhidi ya jua. Mwanga ukipenya kama kwenye chekecheke, chane zilisukwa kabla hazijakauka, zikasinyaa baadaye. Lowesha kidole cha shahada kwa mate au maji, sugua sehemu nyekundu. Kidole kikitoka kimeiva kama kilichopakwa hina, rangi haikuchemshwa vya kutosha na itahamia kwenye shuka lako. Tena angalia upana wa ukili wenyewe: ukiwa mwembamba mkeka umekula kazi zaidi, kwa hiyo bei ikiwa juu usishangae.

Mwisho, lala. Ndiyo, ulale juu yake pale pale barazani. Watacheka, waache wacheke. Mgeni wangu mmoja, mrefu kama mlingoti, alinunua mkeka kwa kuukisia kwa macho, akafika kwao Morogoro miguu yote inalala sakafuni.

Mama yeye hakuhitaji hayo yote. Alikuwa anafumba macho na kupitisha kiganja polepole kutoka pindo mpaka pindo. Siku moja tuliletewa mkeka mzuri wa rangi tatu, akapitisha kiganja, akasimama katikati, akagonga kwa ukucha. "Hapa alikuwa na usingizi," akasema. Nikainama nikatazama: chane mbili zimeungwa pamoja mahali ambapo ilitakiwa moja.

Ukishindwa na mkeka, kuna vitu vidogo vya ukili visivyokuelemea: kikapu, kawa la kufunikia chakula, kipepeo cha kupepea jiko, msala wa kuswalia. Kawa zuri likigongwa kwa kidole linalia kikavu, halinywei.

Milango

Shika Mtaa wa India asubuhi mapema, wakati jua bado liko chini na kivuli kinaingia ndani ya nakshi. Saa sita mlango huo huo unaonekana bapa kama karatasi.

Mlango usomwe kuanzia juu. Kizingiti cha juu ndicho hubeba nakshi nene kuliko zote. Shuka kwenye miimo ya kando, utazame ukingo wa nje: mara nyingi kuna mnyororo umechongwa kuzunguka mlango mzima. Kule chini kabisa angalia kama kuna samaki au mistari ya mawimbi. Wachongaji wenyewe wanakuambia mnyororo ni ulinzi wa nyumba, samaki ni riziki na uzazi, mtende ni neema. Kati ya mbao mbili za mlango kuna nguzo nyembamba inayoziba mwanya, hiyo inaitwa mfaa, na ndipo fundi huonyesha ufundi wake, maana kila anayeingia atasimama mbele yake akingoja kufunguliwa. Misumari mikubwa ya shaba utaiona kwenye baadhi, mtindo uliotujia kutoka India. Milango mingine imeoza, mingine imebaki fremu tupu yenye bati. Itazame na hiyo.

Kisha ndiyo uende karakana. Binamu yangu ana moja, watu wanne chini ya bati. Fundi huchora kwa penseli moja kwa moja kwenye ubao, akapanga patasi zake kwa ukubwa kama kijiko na uma, na kuanza kuchimba kile kinachozunguka maua ili maua yabaki juu. Hapangusi vumbi kwa mkono, anapuliza. Niliuliza kwa nini, akanionyesha kiganja: vibanzi vya mninga vimeingia humo tangu ujana wake.

Omba akupe kipande cha ubao kilichobaki na patasi ndogo ujaribu, wengi hawakatai. Mimi nilijaribu mara moja, na kwa ujuba nilijaribu kwenye kazi yenyewe, si kwenye kipande. Nilikuwa nafuata mstari wa samaki, nyundo ikateleza, mkia ukaruka mpaka uani. Binamu yangu akautazama ubao kwa muda mrefu. "Basi," akasema, "sasa atakuwa pweza." Na kweli akamgeuza pweza. Mwenye mlango hajui mpaka leo.

Mlango mzima si kitu cha kununua safarini. Kinachobebeka ni fremu ya kioo, kibao chenye jina, kikasha. Ukitaka kuagiza mlango, njoo na vipimo vya nafasi ulivyovipima mara mbili, na uulize mambo mawili kabla ya bei: ni mti gani, na ubao umekaa muda gani tangu kupasuliwa. Mninga, mkongo, mvule, mtiki, zote ni mbao za heshima, lakini mbao mbichi hata iwe ya mti gani itapinda na kupasuka nakshi zikiwa juu yake. Dai risiti na kibali cha kusafirishia mazao ya misitu. Vizuizi vipo barabarani, na huko hawaulizi nakshi, wanaulizia karatasi.

Mafundi boti

Teremka ufukweni upande wa soko la samaki, maji yakiwa yamepwa. Utasikia kabla hujaona.

Fundi boti wetu hana mchoro. Anaanza na mkuku, ule uti wa chini wa chombo, anasimamisha gubeti mbele na fashini nyuma, halafu umbo lote liko kichwani mwake. Mataruma, zile mbavu za chombo, hayakunjwi kwa mashine. Anatafuta tawi lililojipinda lenyewe mtini, analilinganisha kwa jicho, analipunguza kwa tezo mpaka linakaa. Kwa hiyo ukiona rundo la matawi yaliyopinda pembeni ukadhani ni kuni, usikalie. Ile ni mbavu ya jahazi la mtu.

Ngalawa ni hadithi nyingine: gogo moja la mwembe limechimbwa, likatiwa matengo mawili kando ili lisipinduke. Itazame pale ambapo matengo yanaungana na mwili. Kamba tupu. Msumari pale ungekatika kwa wimbi la kwanza, kamba inacheza na bahari.

Kazi ya kukaa na kuitazama ni kalafati. Pamba inasokotwa, inapakwa mafuta, inashindiliwa kwenye mwanya kati ya ubao na ubao kwa patasi butu na nyundo. Sikiliza. Mwanya ukiwa bado una nafasi nyundo inalia pu, pu, pu. Pamba ikijaa inalia ko, kavu, na fundi anasogea bila hata kuangalia. Nilimwona mzee mmoja anazungumza na mwenye chombo kuhusu mahari ya binti yake huku mkono unafanya kazi, na kila sauti ilipobadilika mkono ulisogea, mazungumzo hayakukatika. Sehemu ya chini inayokaa majini hupakwa deheni, chokaa iliyokandwa na mafuta. Wazee walitumia sifa, mafuta ya papa. Ukiyakuta, simama upande upepo unakotoka. Harufu ile haitoki nguoni kwa kufua mara moja.

Usipande chombo cha mtu bila kuambiwa panda, na ukipanda vua viatu. Ukitaka kusafiri kidogo na mashua, patana na nahodha mwenyewe, uulize kama kuna jaketi la kuokolea, na kama upepo ni mkali akasema leo hapana, usimshawishi kwa pesa.

Mnada wa samaki uko jirani. Dalali anavyokwenda kasi hutaambulia bei, lakini utajua nani mkubwa pale: ni akina mama wakaangaji, wenye ndoo na sauti.

Vinyago, na hasara niliyoila

Nitajitoa aibu. Mwaka mmoja nilinunua kinyago cha mpingo cha kumpelekea wifi yangu zawadi ya harusi. Sikununua hapa, nilinunua duka moja katika mji mwingine, kwa bei ya mpingo. Wiki ya pili wifi akapiga simu kwamba kitambaa cha meza kimekuwa cheusi. Kilikuwa mti wa kawaida uliopakwa dawa ya viatu.

Tangu hapo nina mitihani yangu. Mpingo ni mzito kuliko unavyotarajia, na kipande cha mpingo ukikitia majini kinazama. Sugua chini ya kitako kwa kitambaa chenye unyevu: kikitoka cheusi, rudisha. Tazama kama kuna mahali pana rangi ya maziwa, ile sehemu ya nje ya mti iliyo chini ya ganda. Wachongaji wengi huiacha makusudi, na ni dalili njema. Kinyago cheusi tii kila upande, chepesi kama mkate, achana nacho.

Ukitaka kitu cha hapa hapa, ulizia mwanahiti. Ni sanamu ndogo ya mti ya Wazaramo na Wakwere, kichwa chenye mafungu mawili ya nywele, kiwiliwili kama bomba, haina mikono. Ilikuwa ya mwali. Alikaa nayo ndani, akaipaka mafuta na kuitunza kama mtoto. Muulize mchongaji akusimulie kabla hujaitia mkobani. Kama ni mtu wa hapa atakusimulia, na utajua pia kama anauza asichokijua.

Ngoma

TaSUBa iko pale pale ufukweni. Uliza mlangoni kama kuna mazoezi siku hiyo, wanafunzi hufanyia chini ya miti na ni raha kuwatazama. Kuna walimu wanaofundisha wageni kupiga ngoma au marimba kwa saa, mpatane wenyewe.

Bagamoyo ndiko alikohamia na kuzikwa Hukwe Zawose, yule Mgogo aliyeizungusha dunia kwa zeze, ilimba na sauti yake; alifariki mwaka 2003, na ukoo wake bado unapiga na kutengeneza vyombo. Ukinunua ngoma, ngozi iwe imewambwa sawa pande zote: gonga katikati, kisha ukingoni sehemu nne; za ukingoni zilingane. Ikilegea nyumbani kwa unyevu usilaani fundi. Ianike juani au iweke karibu na moto, itakaza.

Na mawe, kwa kifupi

Mchana wa siku ya pili, mafundi wanapopumzika, ndio wa mawe. Misheni ya mapadre wa Roho Mtakatifu ilianza mwaka 1868, ina jumba la makumbusho, na ina mnara ambako mwili wa Livingstone ulilazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Unguja. Boma la Wajerumani ni la mwaka 1897, ingawa makao makuu yao walishayahamishia Dar tangu 1891. Caravanserai, kituo cha zamani cha misafara, inakuonyesha misafara ya pembe na watumwa ilikoishia, usiipite mbio.

Kaole ni kusini, kama kilomita tano. Msikiti wake mkongwe ni wa karne ya 13. Wengi wanaupigia picha mbuyu. Wewe tazama makaburi yenye nguzo, utaona vishimo vya mviringo ambamo bakuli za kauri za Kichina zilipachikwa kama mapambo. Vigae viko chini mchangani, tazama, usiokote. Ni kosa la kisheria, na pia ni kuiba makaburini.

Kula

Asubuhi vitumbua na chai ya tangawizi, jioni mihogo na samaki wa kukaanga ufukweni, mchana wali wa nazi popote utakapoona foleni ya madereva wa bajaji. Pweza mchague kabla hajakatwa.

Kulipa na kubeba

Bei ombeni kupunguziwa, hakuna anayekasirika. Lakini usiikate nusu kama unavyofanya kwenye mitumba. Mimi hupunguza kidogo tu, kisha naomba nyongeza: "Basi bibi, niongezee na kipepeo." Hapo wote wawili tumeshinda. Beba noti ndogo, maana chenji ya noti ya elfu kumi inaweza kuchukua nusu saa ikitafutwa mtaa mzima; pesa ya simu nayo inakubalika karibu kote.

Kitu kikubwa agiza siku ya kwanza, weka kianzio, mwandikiane kiasi kilicholipwa hata kwenye karatasi ya daftari. Fundi akikuambia kesho saa kumi, pita saa sita umwone. Simtuhumu mtu; ni kwamba akikuona anakumbuka.

Mkeka usikunjwe kama shuka, utakatika kwenye mkunjo. Uuviringishe, ufunge kwa kamba mbili, moja juu moja chini. Kondakta atataka kuutupa kwenye buti chini ya ndoo za samaki. Kataa. Usimamishe nyuma ya siti ya mwisho, au uushike mwenyewe katikati ya magoti mpaka Makumbusho. Nyumbani utandaze kivulini, pembe nne uziwekee chupa za maji, usiku mmoja. Asubuhi utakuwa umelala chini vizuri, na nyumba nzima inanuka ukindu.